Mzee Adelard na Tezo Aliyokataa Kuirudisha

Tarehe 30 Juni 1984 Mzee Adelard Kasiani anakabidhi funguo za stoo ya kiwanda chetu cha samani, hapa Temeke, baada ya miaka ishirini na miwili. Aliingia mwaka mmoja baada ya Uhuru, akitokea Masasi, ameacha seminari, akiwa na sanduku la bati lenye mashati mawili na kitabu kimoja.

Kitabu hicho ndicho alichotusomea saa ya chakula, miaka ile ya kisomo cha watu wazima. Wagiriki wa kale wanabishana haki ni nini, naye anatutafsiria huku anatafuna muhogo, hata tukawa hatujui lipi la Mgiriki na lipi la Adelard. Walituchosha wale watu! Mmoja anauliza swali jepesi, wiki inakwisha hajajibiwa. Lakini hatukukosa hata siku moja, na saa ile naikumbuka mpaka leo.

Siku moja tukafika kwa mtu aliyemwekea rafiki yake silaha, kisha huyo rafiki akaja kuidai akiwa amepandwa na wazimu. Arudishiwe? Tukapiga kura kwa mikono, kama kwenye mkutano wa tawi la chama. Mie Albano, mchongaji, ninayeandika haya, nilipaza sauti kuliko wote: ni yake, apewe.

Mwaka 1974 msimamizi wetu, Gaspar, alimtukana marehemu mama yangu mbele ya karakana nzima. Nilikwenda stoo kudai tezo yangu, kishoka cha kuchongea nilichokuwa nimekiweka kwake, na Mzee Adelard alijua naitakia nini. Akafunga mlango, akakaa kizingitini, akaniambia kwa upole kwamba safari hii kura yangu haihesabiwi.

Nilimshtaki kwenye kamati ya wafanyakazi. Kanuni ilikuwa wazi: mwenye mali akiitaka, apewe. Angeeleza sababu, mie ningelala gereza la Keko. Akajibu kwamba alikosea tu. Akapewa barua ya onyo, na ukuu wa stoo akapewa mwingine, yeye akabaki mtunza funguo tu. Nami nilinyamaza miaka kumi, kwa woga na aibu.

Leo, kwenye hafla hii ya kumuaga Mzee, Gaspar amekaa meza ya mbele na wajukuu zake wawili. Asikie, na kamati isikie: nilikuwa nakwenda kumuua. Naomba barua ile itolewe kwenye faili la Mzee Adelard kabla hajavuka geti, iwekwe kwenye langu.

Ahsante, Mzee wetu. Nenda shambani Madale ukapumzike, usome kwa nafasi. Wenzako wote tunakutakia uzee wa raha. Mie nina la ziada: nisamehe.