Bi Liao Hsiu-chin na Mitungi Arobaini Iliyohukumiwa Bure

Jarida hili la wafanyakazi limekaa kimya kwa miezi kumi na minne, na aliyepaswa kuliandika ni mimi. Naomba radhi, wala sitafuti kisingizio. Nalivunja kimya kwa sababu tarehe 30 Juni Bi Liao Hsiu-chin, mwonjaji mkuu wa sosi ya soya hapa kiwandani, anastaafu baada ya miaka thelathini na minane, na sitaki aagwe kwa maneno ya sukari ambayo baadhi yenu mmekwisha kuyaandaa.

Aliajiriwa kuosha maharage meusi. Katika mwaka wake wa tatu alimwambia fundi mkuu wa wakati ule, kwa kunusa tu, kwamba mtungi mmoja wa sosi uani umeingia maji ya mvua. Fundi alimcheka. Mtungi ulipofunuliwa, kicheko kilikwisha, na tangu siku hiyo hakuna chupa iliyotoka lango hili bila kupita kwenye kijiko chake. Hakusifu watu ovyo. Waliowahi kuambiwa naye “si mbaya” wanaikumbuka tarehe.

Sasa nije kwenye jambo mnalolinong'ona. Bi Liao ana saratani ya kibofu cha mkojo. Nimeliandika neno lenyewe kwa amri yake, maana “ugonjwa ule” si jina la ugonjwa wowote.

Agosti iliyopita alipoona mkojo wake umekuwa mwekundu, alimweleza Huang A-tu, msimamizi wa mitungi. Daktari wetu huyu wa uani aliangua kicheko. “Dada Chin, hiyo ni pitaya tu! Juzi nilikula tatu, nilipokwenda haja nikadhani nimechinjwa.” Ni kweli kwamba pitaya, tunda lenye nyama nyekundu, hupaka rangi kila linapopita. Lakini msimu wake uliisha Desemba, na wekundu haukuisha. Bi Liao alifika hospitali, mjini Taichung, mwezi wa Februari. Miezi sita ilipotezwa na tunda.

Mwezi wa Machi alianza tibakemikali, mizunguko minne. Alitapika siku tatu katika kila mzunguko, vidole vikafa ganzi hata akashindwa kufunga vifungo vya koti la kazi, masikio yakavuma kama mashine ya kuziba chupa, na alikijua kila choo kilichopo kati ya hapa na Taichung. Nanyi mkampelekea nini? Uyoga mkavu wa lingzhi na supu ya kasa, eti vimtie nguvu. Mtu asiyeweza kumeza kijiko cha uji aliletewa kasa mzima! Alihitaji mtu wa kumshikia beseni na kunyamaza. Aliyefanya hivyo ni Bi Yeh wa stoo, peke yake.

Katika wiki alizopata nguvu alikuja kazini. Ndipo likatokea la mitungi arobaini, ambalo ofisi ingependa lisahaulike.

Mnaijua desturi yetu: mwonjaji mkuu huonja kwanza na kutamka hukumu, kisha kila fundi huchovya kijiko chake na kusema “ndivyo.” Siku ile ya Aprili mitungi arobaini ya sosi ilikuwa imekaa juani miezi sita ikichachuka. Bi Liao alionja mmoja, wa pili, wa kumi, akakunja uso. “Chuma. Yote ina ladha ya chuma. Mimineni.” Mafundi kumi na wanne wakachovya vijiko. Kumi na wanne wakasema ndivyo. Mimi nilikuwa wa tisa.

Jioni hiyo alikula uji mweupe wa mchele, usio na chochote. Ulikuwa na ladha ya chuma. Akajaribu kiazi kitamu. Chuma. Asubuhi alikuja kwa teksi, akiwa na kofia ya sufu juu ya kichwa kisicho na unywele, akatukuta tumekwisha kumwaga mitungi miwili.

“Acheni! Chuma kimo kinywani mwangu, ni zile dawa. Mitungi haina kosa. A-tu, jana ulionja. Ulisikia ladha gani?”

“Tamu, Dada. Tamu sana.”

“Ukasema nini?”

“Nikasema... ndivyo.”

“Basi huo ulimi wako ni wa kulambia stempu? Mimi nina saratani. Ninyi kumi na wanne mna nini?”

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Yeye hakuficha, tuliokuwa tukificha ni sisi, tukiuita woga wetu heshima. Siku hiyohiyo aliifuta desturi. Sasa fundi mgeni kazini husema kwanza, na mkuu husema mwisho. Hilo pekee linazidi zile ngao zote za maonyesho zilizopo ofisini.

Mitungi thelathini na minane iliyosalia ilitiwa chupani wiki iliyopita. Bi Liao aliionja tena. Ladha ya chumvi imemrudia, ya utamu bado. “Si mbaya,” alisema, na A-tu akageukia ukuta.

Kumbe ya kusikitisha hayajaisha. Madaktari wamempa njia mbili: kuondolewa kibofu na kuvaa mfuko wa mkojo tumboni maisha yake yote, au kukihifadhi kwa mionzi na kupimwa kila miezi mitatu, kwa hofu kwamba uvimbe utarudi. Ana hadi katikati ya Julai kuamua. Nasikia chumba cha chakula kimekwisha kumwamulia, tena kwa kupiga kura. Wapiga kura ni walewale wa pitaya na kasa.

Bi Liao, tunakushukuru kwa miaka thelathini na minane ya ukweli ambao hatukuustahili. Nenda ukapumzike, utamu wa uji na ukurudie, na Bi Yeh awe karibu. Safari hii onja wewe, useme wewe, na asiwepo wa kukuitikia ndivyo. Ukishaamua, nitaandika hapa uamuzi wako kwa jina lake kamili, wala sitachelewa tena.