Majivu Kwenye Forosadi ya Mdachi

Nje ya stesheni ya Morogoro, katika miaka ile ambayo reli ilikuwa bado ngeni na milima ya Uluguru haijauzoea moshi wake, palikuwa na taruma moja la chuma, pau la kulazwa chini ya reli, ambalo mafundi walilikataa kwa sababu limepinda. Yunusi muuza kahawa aliliokota, akalilaza juu ya mawe mawili, likawa benchi, na benchi likawa baraza. Kila alasiri walilikalia watu watatu. Mataruma alikuwa amejenga reli, nayo reli ikamwachia mgongo mbovu na jina. Yavoli alikuwa amewapikia Wadachi huko Kilosa, akarudi na neno moja la lugha yao, yavoli, yaani ndiyo bwana, akalitumia kwa kila jambo. Hukumu alikuwa tarishi wa akida. Mamlaka hakuwa nayo, lakini hapakuwa na kitu chini ya jua ambacho hakukihukumu. Siku hiyo ncha ya benchi ilikaliwa na mtu wa nne, Stefano, Mluguru wa milimani aliyefanya kazi katika bustani ya Mdachi huko juu ya mto. Alikuwa akingoja garimoshi ili abebe mizigo ya mgeni wa bwana wake. Kahawa yake ilikuwa imepoa bila kuguswa.

— Nataka jina, alisema Hukumu, akikiweka kikombe chini kwa kishindo. Akida ameagiza: garimoshi lisiingie kabla hajalipata jina.

— Jina la nani tena? akauliza Yunusi.

— La mtu aliyetia dawa kwenye forosadi ya Bwana Brashi.

Stefano aliitazama kahawa yake. Forosadi ya Mdachi ndilo jina ambalo watu walilipa lile tunda jekundu, laini, linalotambaa chini kama boga, ambalo wajukuu wao sasa hulitembeza mjini wakiliita stroberi. Na Bwana Brashi ndilo jina walilompa Mdachi mwenyewe, kwa kuwa alishinda kutwa amepiga magoti, akiyapangusa maua kwa brashi ndogo kama mtu anayemfuta mtoto machozi.

— Dawa gani? akauliza Mataruma.

— Unga wa kijivu. Ameuona leo asubuhi chini ya jani. Kitalu kizima! Uso wake ulivyoiva, hutaujua upi uso na upi tunda. Na mkubwa wake yumo ndani ya garimoshi, anakuja kukitazama kitalu hicho hicho.

— Yavoli! akasema Yavoli. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Inahusu nini hapo?

— Si tunda la chini? Aliyeliendea si aliinama?

Mataruma alicheka, akaushika mgongo wake.

— Hebu wewe Stefano, mtu wa bustanini. Tueleze. Huyu Mdachi anafanya nini kule?

Stefano alitamani kunyamaza, lakini alijua kwamba kimya nacho huonekana.

— Anayaozesha maua, mume na mke, alijibu. Analo tunda moja kubwa, tamu, lakini likipata ukungu mweupe wa majani linakufa. Analo jingine dogo, chachu, gumu. Basi ua la lile kubwa analing'oa vile vinyweleo vyake vya katikati kwa koleo…

— Anatahiri! Yavoli alipaza sauti. Sikuwaambieni? Na kile kitambaa cheupe anachokifunga juu ya ua? Mwali yumo ndani! Anayaweka ua kwa ua kwenye jando!

— Ni ili nyuki asiingie, alisema Stefano. Kisha analipaka vumbi la ua la lile dogo. Mbegu zikiota, watoto wake anawaletea ugonjwa.

Benchi lote lilimgeukia.

— Anawaletea nini?

— Ugonjwa. Anachukua majani yenye ukungu, anayalaza juu ya miche mizima.

Yunusi aliacha kupepea jiko lake. Mataruma akasogea mbele taratibu, kwa ajili ya mgongo.

— Nimeelewa, alisema. Anaufunza. Ugonjwa unafunzwa kama askari. Leo unapiga kwata kwenye forosadi, kesho utatumwa kwenye mihogo yetu. Njaa ikiingia, mtakwenda wapi? Relini! Wanataka reli ifike ziwani, na watu wamekwisha. Mimi nimekibeba kile chuma, najua.

— Wewe unajua mgongo wako tu, alisema Yavoli. Tazama rangi! Tunda gani linatoka ardhini na damu mbichi? Nimepika jikoni kwao, nimeona. Kaisari wao amekaukiwa na damu, waganga wa Ulaya wameshindwa. Mumiani wa zamani walikamata watu, watu wakapiga kelele. Hawa wa sasa wamesoma, wanaivuna kwa kikapu. Yavoli!

— Kunya anye kuku, akaitikia Mataruma kwa kicho.

Walicheka, ila Hukumu. Yeye alingoja kicheko kikauke.

— Chekeni. Mmeusahau mwaka wa Maji Maji? Watu walinyunyiziwa nini? Dawa. Nani alinyongwa kwanza? Mwenye dawa. Sasa unga umenyunyizwa kwenye mali ya Mdachi, alfajiri, kwa siri. Mnadhani bomani watauliza ni unga wa nini? Wataulizana kamba iko wapi.

Stefano alihisi taruma likimtoka chini yake. Alikumbuka ile alfajiri. Kitalu kilikuwa kimelala kama watoto wenye surua, majani yamejikunja, weupe umeyapanda hadi kwenye shina. Bwana Brashi alikuwa amemwambia kwa Kiswahili kilichonyooka: Miche isiguswe. Iache iumwe. Ile itakayokataa kufa, hiyo ndiyo ninayoitafuta. Stefano aliyaelewa maneno yote, moja moja. Yalipounganishwa yalimshinda. Mtu anapanda, anamwagilia, anapalilia, kisha anakaa kutazama mche ukifa, na anauita utazamaji huo kazi? Mama yake alikuwa akitembea shambani na kibuyu cha majivu ya jikoni kiunoni, kama wengine wanavyotembea na ugoro. Basi Stefano alibeba majivu, akayapuliza chini ya majani, mche kwa mche. Miche ikasimama, yote. Bwana Brashi alipoiona alilia kwa furaha, akapeleka simu ya waya pwani: nimepata kitalu kizima kisichougua. Leo ndipo alipogeuza jani.

— Nimefikiri sana, alisema Hukumu. Ni Mwaisha wa Kilakala.

— Bibi Mwaisha? Yunusi alishtuka. Yule kikongwe?

— Marehemu mumewe alikuwa mganga. Mkoba alimwachia nani?

— Na hupita kule kutafuta kuni, aliongeza Mataruma, nusu akijilaumu kwa kusema.

— Yavoli. Nilimwona juzi ana kitu kwenye kanga.

— Mwaisha hana miguu ya kuupanda mlima ule, alisema Stefano.

Hukumu alimgeukia.

— Mganga haendi kwa miguu. Na wewe unamtetea kwa nini?

— Hayupo hapa kujisemea.

— Hilo ndilo zuri lake. Asiyekuwepo na lake halipo.

Yunusi akakung'uta makaa. Hukumu alisimama, akafunga mshipi wake wa kitarishi. Upande wa Mikese moshi ulikuwa umeinuka juu ya miti, mwembamba, ukikaribia.

Hapo alifika mwanamke mmoja wa milimani na kikapu cha njegere kichwani, jasho likimtiririka. Alipiga goti dogo bila kukitikisa kikapu.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, walijibu.

Aliona medali ya Bikira Maria shingoni mwa Stefano.

— Tumsifu Yesu Kristo, kaka.

— Milele amina. Watoka wapi, dada?

— Mgeta. Naitwa Regina. Naomba maji tu, njegere hizi nimewaahidi wapishi wa stesheni. Mbona mmekaa kama mko matangani?

Yunusi alimpa maji kwenye kata, na kwa kuwa mtu wa kahawa hawezi kushikilia habari, akamweleza: bustani, ukungu, unga wa kijivu, kikongwe wa Kilakala. Regina alikunywa, akaifuta midomo.

— Huo unga ni majivu?

— Ni dawa, alisema Hukumu.

— Wa kijivu, chini ya jani, na mche una ukungu. Hayo ni majivu, mzee wangu. Na miche imekufa?

— Imepona, alisema Yunusi polepole, kana kwamba neno hilo lilikuwa halijapita kinywani mwa mtu siku nzima.

Regina aliwatazama mmoja baada ya mwingine, pasipo hila yoyote.

— Basi mnamtafuta nani? Wazee wangu, kwani ninyi, mkikuta mche unaumwa, mnauacha?

Yavoli alifungua kinywa. Lile neno lake moja, lililofaa kila jambo, halikutoka. Hukumu, ambaye kila mtu alijua anavyoitunza mihogo yake nyuma ya nyumba, alibaki na mkono kwenye mshipi.

Garimoshi lililia, karibu sasa.

Stefano aliinuka. Aliondoa jani la mgomba lililofunika kapu la Yunusi, akaliinamia jiko, akachota majivu kwa vidole, akayaweka juu ya jani.

— Ya nini hayo? Hukumu aliuliza, ingawa uso wake ulikuwa umekwisha kujua.

— Ya kumwonyesha bwana wangu. Jina la Mwaisha liache hapa, nenda na langu.

— Stefano, alinong'ona Yunusi, kule kuna viboko. Kuna na mti wa kunyongea.

— Nimemharibia kazi yake, Yunusi. Sasa hajui mche upi una nguvu na upi uliponywa na majivu yangu. Hilo nitalijibia. Lakini dawa ya kuua sikutia.

Alichovya kidole kwenye majivu, akakilamba mbele yao wote. Meno yake yakawa ya kijivu.

— Nitayala hivi hivi mbele yake, alisema.

Akaondoka kuelekea jukwaani, jani mkononi, akilikinga na upepo wa garimoshi kama mtu anayebeba kaa la moto kwenda kwa jirani. Hukumu alimfuata, kwa kuwa ilikuwa kazi yake. Lakini hakumshika mkono wala hakutangulia. Alikwenda ubavuni mwake, upande ule upepo ulikotoka.

Mataruma alikiinua kikombe chake akitaka kingine. Yunusi aliinamisha dele lake la kahawa. Halikutoka hata tone.

Regina alikipandisha kikapu kichwani.

— Wazee, hamjanijibu, alisema.

Alingoja kidogo, kwa adabu, kisha akaenda zake.