Mama Mweleka Anaondoka kwa Kuangushwa

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuwaangusha watu na kulipwa mshahara kwa kazi hiyo, Mama Mweleka anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Mei. Kituo chetu cha michezo kimebadilisha rangi, paa na mameneja, lakini chumba cha judo kilicho nyuma ya bwawa la kuogelea kimekuwa na mwalimu huyohuyo. Mimi ninayeandika haya nakaa mapokezi, na vishindo vya wanafunzi wake ndivyo vinavyoniambia kumekucha na kazi imeanza.

Alikuja hapa akiwa msichana mwembamba mwenye mkanda mweusi na medali ya dhahabu ya taifa, aliyoipata kwa kumbwaga mpinzani aliyemzidi kimo na uzito. Waliomwajiri walidhani wamepata mwalimu wa mazoezi ya viungo, basi. Wiki ya kwanza, mnyanyua vyuma mmoja alimuuliza kwa kejeli kama hiyo judo si aina ya dansi. Akakaribishwa mkekani kwa heshima zote, na kufumba na kufumbua akajikuta anatazama taa za darini. Jina la Mama Mweleka likazaliwa siku ile, kabla hajawa mama wa mtu.

Baadaye alipata mume, fundi wa majokofu mpole kupita kiasi, na mabinti wawili. Kijana aliyetaka kumposa binti mkubwa alipitia kwanza hapa mapokezi kuniuliza kama mama mkwe ana hasira za haraka. Nilimtoa wasiwasi: hasira hana, ana mikono ya haraka tu. Alioa, na mpaka leo mke wake hajawahi kumlalamikia kwa mama yake.

Kwa Mama Mweleka, mwanafunzi mgeni hafundishwi kumwangusha mtu. Anafundishwa kuanguka. Mwezi mzima ni hilo tu: kidevu kifuani, pumzi nje, kiganja kipige mkeka kabla mgongo haujafika. Ukishainuka, unauinamia mkeka kuushukuru kwa kukupokea. Wengi walikata tamaa wakisema hawakutoa ada ili kulala chini. Jibu lake lilikuwa moja: kuteleza si kuanguka, na kuanguka si kuvunjika, ukifundishwa.

Ana desturi nyingine. Anayemaliza safari yake pale hatoki hivihivi. Mwanafunzi mgeni kuliko wote ndiye anayemwangusha mara moja, ndipo anaaga. Mabingwa waliotujazia kabati la vikombe, ambavyo kazi ya kuvifuta vumbi ni yangu, wote waliondoka hivyo, chali, wakicheka.

Miaka sita iliyopita chumba kile kilikuwa kiondoke. Wanafunzi walikuwa wamepungua, na meneja akaamua kiwe ukumbi wa mashine za kukimbilia, ambazo hazidai mshahara wala likizo. Mama Mweleka hakupiga kelele. Aliomba mwaka mmoja akijaze kwa wazee, watu ambao walimu wengi wanaogopa hata kuwashika mkono. Meneja alikubali kwa sharti: akivunjika mzee mmoja tu, kufuli litawekwa siku hiyohiyo.

Wa kwanza kuja alikuwa fundi cherehani mstaafu, bibi wa miaka sabini na ushei, aliyetangaza mlangoni kuwa kwake kupiga magoti ni safari na kuinuka ni safari nyingine. Mama Mweleka alimwanzisha akiwa amekaa juu ya magodoro yaliyorundikwa, akayapunguza moja baada ya jingine. Bibi alipoanguka kwa mara ya kwanza kutoka wima, alisimama, akainamia mkeka, akadai arudie. Habari zikaenea, na asubuhi zetu zikajaa mikongojo iliyoegeshwa ukutani.

Kisha siku moja simu ililia pale mezani kwangu. Alikuwa mwanawe Bibi, amekuja juu kama moto wa kifuu: “Mnamfundisha mama yangu kuanguka, sasa ameanguka bafuni. Mmefurahi?” Meneja alikuwa amesimama kando yangu, akasikia kila neno. Akaenda kuchukua kufuli. Nilimfuata Mama Mweleka chumbani kumpa habari, nikamkuta na mkanda wake mkononi. Aliukunja, akaukunjua, akaukunja tena kama mtu aliyesahau namna yake. Sikuwahi kumwona hivyo, na niliumia sana.

Kabla ya adhuhuri Bibi aliingia kwa miguu yake mwenyewe, mwanawe nyuma yake amebeba bahasha ya eksirei kwa aibu. Hakikuvunjika hata kidole. Bibi akampita meneja aliyekuwa tayari mlangoni na kufuli lake. “Nimeanguka vizuri, mwalimu,” alisema. “Kidevu kifuani, kiganja chini. Tatizo nilipoinuka nikaishukuru sakafu, na huyu akanikuta naliinamia beseni. Akadhani nimegonga kichwa, akanipeleka hospitali.”

Tulicheka mpaka wazee wengine wakalazimika kukaa chini. Meneja naye alicheka, mwaka uliofuata akamleta mama yake mzazi. Lile kufuli sasa linafunga kabati la vikombe. Chumba hakijaguswa tena. Asubuhi ni cha wazee, jioni cha vijana, na kuanzia wiki ijayo kitakuwa chini ya binti yake mkubwa, ambaye naye ana mkanda mweusi na mikono ileile.

Ijumaa, usomaji wa wasifu huu ukimalizika, desturi itafuatwa. Mama Mweleka atavua viatu, ataingia mkekani, naye ataangushwa na mwanafunzi mgeni kuliko wote. Mwanafunzi huyo ni mimi. Miaka yote hii nilipita mlangoni pake nikisingizia kazi nyingi, kumbe niliogopa tu kuanguka. Niliposikia anaondoka nikaona ni sasa au basi tena. Mwezi mzima nimeangushwa asubuhi na Bibi, ambaye hana huruma hata chembe, na sasa nainuka bila kusaidiwa.

Mama Mweleka, asante kwa kutufundisha kukutana na sakafu bila kuiogopa. Tunakutakia maisha mema na marefu, wajukuu wasiosikia la mtu, na magoti yasiyokusumbua. Sijawahi kumwangusha mtu yeyote maishani, na nimepewa nianze na bingwa. Kidevu kifuani, Mama. Nakuja.