Kompyuta ya Kimya kwa Sauti ya Mama

Benchi letu liko nyuma ya maduka ya Nakivubo, Kampala, pale Yasiin muuza kahawa anapoteleka birika lake. Hapo tuna Masinde, Mkenya muuza nyaya tunayemwita Injinia ingawa cheti chake hatujakiona, na Afande Oola, polisi mstaafu ambaye hajawahi kusema "sijui". Juzi alitujia Okeny wa fleti za Bugolobi, macho mekundu. Kijana huyu amegeuza chumba chake kuwa studio. Alhamisi mama yake anapasuliwa koo, na daktari amesema sauti huenda isirudi. Okeny anataka kumrekodi akiimba kabla ya siku hiyo, lakini kompyuta yake inanguruma kuliko mama. Nilimwonea huruma kwelikweli.

— Feni yake iko na kelele mingi, akasema Okeny. Mama sauti imekuwa kidogo. Nikisikiliza, nasikia feni tu. Jana nilifunika na blanketi.

— Blanketi gani? akauliza Oola.

— Ile ya jeshi, ya mzee wangu.

— Ikanyamaza?

— Wapi, afande! Ikapata joto, ikapiga kelele zaidi, ikajizima.

Masinde alicheka, kisha akauona uso wa Okeny, akaacha.

— Skiza, Okeny. Tafuta ile laptop haina feni kabisa. Ama hii yako iweke nje kwa koridoo, upitishe waya mrefu chini ya mlango.

— Koridoo? Oola akadakia. Itaibwa kabla mama hajamaliza ubeti! Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Hiyo kompyuta iko tupu. Jaza mafaili, itatulia.

— Afande, imejaa mpaka inakataa picha.

— Basi na hiyo ya kimya usinunue. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Itangoja mama afungue mdomo, ipasuke!

Yasiin akatua birika.

— Mimi iko na jirani anauza samaki. Friza yake kubwa. Weka kompyuta ndani, feni itasikia baridi, italala.

— Na friza yenyewe haingurumi? akauliza Masinde.

— Tunazima.

— Na samaki?

— Mvumilivu hula mbivu.

— Nyinyi raia mnacheza, akasema Oola. Tupeleke mama na kompyuta kambini. Kule amri ikitoka, hata feni inasimama wima!

Mwisho wa benchi alikuwa amekaa mama mmoja mgeni, Valarie, na mfuko wake wa nyanya. Alikuwa ametusikiliza muda wote.

— Bambi, pole mtoto wangu, akamwambia Okeny. Mama anataka kuimba wimbo gani?

Okeny akatutazama mmoja mmoja, kana kwamba kati yetu kuna anayejua.

— Kuna ule anaimba akipeta simsim. Wa nyumbani kwao.

— Unasema nini huo wimbo?

— Maneno yake... mimi sijui. Sijawahi kumuuliza.

Niliona haya. Saa nzima tulikuwa tunatafuta kompyuta ya kusikiliza, na sisi wenyewe hatukuwa tumemuulizia mama.

Okeny akasimama, kahawa hajaigusa, akaita boda.

— Sasa utanunua gani? Masinde akamwuliza.

— Ngoja kwanza. Naenda kukaa na yeye, aniimbie pole pole, anifundishe.