Jinsi Mfuko Wetu wa Matibabu Ulivyomwokoa Salome

Bwana asifiwe, kanisa! Aa, sauti gani hiyo, ya watu waliosahau kunywa uji? Bwana asifiwe sana! Wazee wangu, shikamooni. Mnanijua, mimi ni Mama Salome, muuza usipa, hao dagaa wetu wa ziwani, na nikishika kusema sishikiki. Padre amenipa muda mfupi, lakini Mungu amenitendea makubwa, basi mnivumilie.

Ndugu zangu, zamani tuliugua bure. Ilipokuja biashara huria, maduka yakajaa sabuni na khanga, tukashangilia, kumbe na hospitalini nako tumeanza kulipia! Mtu akiumwa, familia inauza mbuzi. Akiumwa tena, hakuna mbuzi. Nimeona majirani wakifia nyumbani kwa aibu ya kusimama mbele ya dirisha la malipo mikono mitupu. Inauma, jamani.

Akaja kijana kutoka mjini, ana tai na mkoba, anauza bima ya matibabu. Akaniuliza mshahara wangu unapitia benki gani. Nikamwambia, "Mwanangu, benki yangu ni ziwa, na siku nyingine linafunga bila taarifa." Akacheka, maskini, akafunga mkoba wake. Hakuwa mtu mbaya. Bima yake tu haikuwa ya watu wa hapa kwetu Mbaha.

Ndipo tukaanzisha mfuko wetu wenyewe. Kila kaya inatoa mchango msimu wa usipa, wakati kila nyumba ina chochote, na asiye na fedha analeta usipa mkavu, mfuko unauuza. Mwanachama akiugua, mfuko unailipa hospitali ya misheni, na wajumbe wa kamati wanapokezana zamu palepale hospitalini. Wengine wakasema tunajiitia magonjwa. Nikawauliza, mbona mnaziba nyufa za mtumbwi ukiwa bado nchi kavu, mnaita maji?

Sasa sikilizeni jaribu lililonipata. Binti yangu Salome ameolewa Mpepai, juu huko kwenye kahawa. Alipopata mimba alishuka kwangu, maana desturi yetu mnaijua, mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama. Uchungu ukamshika, mtoto hatoki. Mkunga akaniambia, "Mama Salome, hili limenishinda." Tukampakia mtumbwini asubuhi ileile, mpaka hospitali.

Daktari akasema apasuliwe haraka. Nikatoa kadi yangu ya uanachama. Karani akaitazama, akaniuliza kwa upole kama binti ameolewa. Nikasema ndiyo. Akasema basi ni wa kaya ya mumewe, na huko Mpepai si wanachama wetu.

Mume wangu akainuka, akateremka ufukweni kumwuzia mchuuzi wa samaki mtumbwi wetu na nyavu. Tukiuza, tutakula nini? Tusipouza, namzika mwanangu! Nikalia, "Yesu, unaniona?"

Zamu ya kamati siku ile ilikuwa ya Mama Debora na Mzee Ndunguru. Mzee akakataa katakata. "Tukifungua mlango huu, kila binti aliyeolewa atashuka kuzalia kwetu. Mfuko utakufa." Nilimchukia, siwafichi! Lakini alikuwa analinda jasho la wenzake.

Mama Debora akanigeukia. "Tangu ashuke, Salome anakula katika chungu cha nani?"

"Changu."

Akamgeukia mzee. "Shikamoo, baba. Nakuuliza kwa heshima. Mkeo, mtoto wenu wa kwanza alimzalia wapi?"

"Kwa mama yake."

"Siku zile alikuwa anakula kwa nani?"

Mzee akavua kofia, akamwambia karani, "Andika. Mfuko unalipa."

Haleluya! Nilikimbia mpaka ufukweni nikipiga kelele, "Baba Salome, usiuze!" Mchuuzi alikuwa ameshazishika nyavu. Nilizinyakua mikononi mwake, Mungu anisamehe, hata samahani sikumpa. Niliporudi hospitalini, nikasikia mtoto analia.

Wapendwa, niliomba, na Mungu akajibu kwa mikono ya majirani. Mkutano wa wanachama umeshakubali: binti aliyeshuka kuzaa mtoto wa kwanza ni wa kaya ya mama yake. Aliyependekeza ni Mzee Ndunguru mwenyewe! Kwa hiyo usingoje homa ikupeleke. Mtegemee Bwana, na ujiunge na wenzako ungali mzima.

Na wewe uliyenung'unika juzi kwamba hujaugua mwaka mzima na mchango wako umepotea, nakujibu leo mbele ya kanisa. Haukupotea, ndugu yangu. Salome, simama mwanangu, na mtoto mgongoni, wauone mchango wao.