Herieth Nkunzimana na Diski Iliyotoka Kwanza

Tarehe 30 Juni 2025 Bi. Herieth Nkunzimana anastaafu baada ya miaka thelathini na sita katika Hospitali ya Mtakatifu Anselmi, Kasulu. Aliingia Aprili 1989 akiwa mpiga chapa, akapewa meza ya dirishani na taipureta ambayo herufi yake ya "k" ilikuwa ikiruka. Anaondoka akiwa fundi wa kompyuta zote za hospitali hii na za kituo chetu cha Kibondo. Hakuwahi kuomba uhamisho, na likizo zake nyingi zilikatishwa kwa simu.

Wahariri wa jarida walipotafuta mtu wa kuandika wasifu huu, niliomba niandike mimi. Nilikuwa Katibu wa Hospitali kuanzia 1991 hadi 2016, na barua nyingi zilizo kwenye jalada lake nilizitia sahihi mimi. Nina miaka themanini na mbili, figo zimechoka, na daktari ameacha kunipangia tarehe za mbali. Yako mengi ya kumsifu Herieth, na liko moja la kukiri. Yote ni habari ya kazi ile ile, kwa hiyo nayaandika pamoja.

Kompyuta ya kwanza ililetwa 1998. Wakubwa tuliipita kwa heshima kama mgonjwa wa maradhi ya kuambukiza. Herieth aliketi nayo, kitabu cha maelekezo upande huu na kamusi upande ule, na baada ya mwezi mmoja orodha ya dawa ya duka letu ikatoka imechapwa bila kosa. Mwaka 2003 tulimpeleka Mwanza kwa mafunzo ya miezi sita. Alirudi na cheti, na mdomo mkali kuliko aliokwenda nao.

Kazi yake kubwa ilianza 2011, tulipopewa seva, yaani kompyuta kuu ya kutunza kumbukumbu za wagonjwa wote. Ndani yake mlikuwa na diski sita na kadi inayoitwa RAID, ambayo huzifanya diski hizo zifanye kazi kama moja. Bodi ilimwita aeleze kwa nini anataka kadi hiyo inunuliwe na betri yake.

Herieth alisema, "Chukueni wanawake sita wamebeba maharage kutoka Nyakitonto. Kila mmoja ana mzigo wake, na anajua kidogo cha mizigo ya wenzake. Mmoja akiugua njiani, watano wanaweza kusema alibeba nini, na sokoni tunafika. Wakiketi wawili kwa pamoja, hatufiki. Kadi ndiyo inayowapanga."

"Na betri ni ya nini?" aliuliza Dkt. Longinus, Mganga Mkuu wetu wakati huo. "Kadi inasikiliza redio?"

"Daktari, umeme wa hapa ukikatika katikati ya sentensi, betri ndiyo inayokumbuka sentensi iliishia wapi."

Betri ilinunuliwa. Lakini seva ilipowashwa haikuiona kadi kabisa. Muuzaji alisema kwa simu irudishwe Dar es Salaam. Herieth aliichomoa, akasugua meno yake ya shaba kwa kifutio cha penseli alichomwomba mtoto wa muuguzi, akaikandamiza vizuri mahali pake. Barabara ilikuwa imeilegeza tu. Kisha alipaka kila diski namba kwa rangi nyekundu ya kucha, kuanzia sifuri hadi tano. Tulimcheka kwamba anazipeleka diski harusini.

Mwaka uliofuata kadi ilianza kulia, pii, pii, na mlinzi wetu Gharibu akaamini ni nyenje. Alipuliza dawa ya wadudu chini ya mlango kwa siku mbili. Herieth alipotoka Kibondo alimkuta ameshika kopo.

"Mzee Gharibu, huyo nyenje ni diski namba moja. Imekufa, na mwenzake kadi anakuita tangu juzi."

"Sasa mimi nitajuaje, mwanangu? Hakuniita jina."

Alibadilisha diski ile mchana huo, kadi ikaijaza kutoka kwa zile tano, na hakuna mgonjwa aliyejua kwamba palitokea kitu. Kazi yake ikienda vizuri haina shahidi, na mara nyingi sisi wakubwa tulidhani hafanyi chochote.

Sasa nifike Agosti 2014.

Wageni wafadhili walikuwa waje saa nane mchana. Herieth alikuwa Kibondo tangu juzi yake. Vumbi jekundu la kiangazi lilikuwa limeingia kila mahali, na asubuhi ile mimi nilipita chumba hadi chumba nikiwa na kitambaa na chupa ya spiriti, kwa sababu sikumwamini mtu mwingine kwa usafi. Chumba cha seva kilikuwa na funguo mbili, wake na wangu. Niliingia. Niliona vumbi kwenye vishikio vya diski, nikavuta moja. Ilitoka kirahisi. Nikaifuta vizuri, pande zote, nikairudisha.

Kadi ikaanza kulia. Nilifikiri kwamba nyingine nayo inalalamikia vumbi, nikavuta ya pili. Nilikuwa nimeifuta nusu niliposikia kelele ofisi ya kumbukumbu: skrini zote zilikuwa zimeganda. Nikaisukuma ndani, nikafunga mlango kwa ufunguo, nikaenda kuuliza kelele ni za nini.

Herieth alipigiwa simu, akafika saa saba na nusu kwa gari la wagonjwa, amejaa vumbi mpaka kwenye kope. Ukumbini watu walikuwa wamejaa. Nsimire, mama kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu aliyetakiwa kupasuliwa uvimbe siku ile, alimshika mkono akiulizia jalada lake.

"Mama, dosiye yangu iko wapi? Balinambia nitapasuliwa leo."

"Iko ndani, mama. Imejificha. Nipe muda niitoe."

Skrini ya kadi ilisema kwamba diski mbili ni ngeni, haizitambui, na ikauliza kama izifute au izipokee. Kijana wa muuzaji alimwambia kwa simu afute zote aanze upya.

Herieth alimjibu, "Mdogo wangu, watu elfu arobaini na moja wako humu. Nikifuta, nitawaandika upya kwa kichwa cha nani?"

Nakala ya akiba haikuwepo. Alikuwa ameiomba mara tatu kwa maandishi, na maombi yote matatu yaliishia mezani kwangu.

Kisha alitugeukia sote tuliosimama mlangoni. Alieleza taratibu, kama mwalimu, kwamba diski iliyotoka kwanza sasa ina habari za zamani, na iliyotoka ya pili bado ina habari kamili. Akiirudisha ya pili, kila kitu kitafufuka. Akikosea akairudisha ya kwanza, itachanganya kumbukumbu zote na hakuna atakayezinyoosha. Orodha ya matukio ambayo ingemwambia ilikuwa ndani ya diski zile zile.

"Aliyeingia humu sitaki kumfukuzisha," alisema. "Sitaki hata kumjua. Nataka aniambie tu ipi ilitoka kwanza."

Mimi ndiye niliyejua. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake, nimeshika ratiba ya wageni, na nilinyamaza. Ningesema neno moja tu, "mbili", namba ya diski niliyoivuta kwanza, Nsimire angepelekwa chumba cha upasuaji. Niliogopa aibu kuliko nilivyoogopa kumpoteza.

Herieth hakutungojea. Alizima seva, akatoa diski zote sita, akazipanga mezani kwa namba zake za rangi ya kucha. Akainama. Nne zilikuwa nyekundu kwa vumbi. Namba mbili ilikuwa safi pande zote. Namba nne ilikuwa safi upande mmoja, na kitambaa kilikuwa kimeacha mstari pale kiliposimama. Akainusa.

"Spiriti," alisema. "Huyu alianza na mbili, akaimaliza. Kwenye nne kuna kitu kilimshtua."

Akaiacha namba mbili mezani. Akarudisha tano zilizobaki na kuiamuru kadi iipokee namba nne. Akawasha. Kwa dakika tano hakuna aliyekohoa. Kisha ofisi ya kumbukumbu ikapiga kelele, na safari hii zilikuwa vigelegele. Kumbukumbu zote elfu arobaini na moja zilikuwepo, pamoja na vipimo vya asubuhi ile. Namba mbili ikarudishwa ijazwe upya, na saa kumi Nsimire aliingia chumba cha upasuaji. Alipona. Hospitali hii haijawahi kupata ushindi kama wa siku ile, na aliyeuleta alikuwa mtu mmoja.

Wiki mbili baadaye kamati ilitaka mtu wa kuwajibika. Niliandika barua ya onyo kwamba Bi. Nkunzimana aliacha chumba cha seva wazi kwa uzembe. Aliisoma mbele yangu, polepole.

"Katibu, hapa mmeandika mlango ulikuwa wazi. Mimi nilikuta umefungwa."

Nilimsogezea kalamu. Alitia sahihi ya kuipokea, akaenda kazini. Hakusema tena jambo lile kwangu, wala kwa mtu mwingine niliyemsikia. Barua hiyo ndiyo iliyomnyima cheo cha Mkuu wa Kitengo mara mbili. Waliokipata walitoka mikoa mingine, na kazi walifundishwa naye. Mmoja wao, Bw. Twalibu, aliandika kwamba anaona haya kumwongoza mwalimu wake. Barua yake nayo niliifungia kabatini.

Mwezi Mei nilimwandikia Mwenyekiti wa Bodi haya yote. Tarehe 12 Juni Bodi iliifuta barua ya onyo, ikaitoa kwenye jalada, na ikaamua kwamba Herieth anastaafu kwa cheo cha Mkuu wa Kitengo. Nilimtumia wasifu huu kabla haujachapwa, nikamwambia akipenda niiondoe sehemu ya Agosti, ili siku yake ya kuagwa, utakaposomwa, isichafuliwe na mimi. Alikuja nyumbani na karatasi mkononi. Alikuwa amekata "dakika tano" na kuandika "tatu". Nilimwomba aniachie tano, maana kwangu zilikuwa tano, na akakubali. Mengine hakuyagusa.

"Isomwe yote," alisema. "Na uwepo, mzee. Usije ukatuma mtu."

Nitakuwepo, kwenye kiti cha magurudumu, mstari wa mbele. Mkuu wa Kitengo Herieth Nkunzimana, hospitali inakushukuru kwa kila mgonjwa ambaye hakujua kwamba ulimwokoa. Kapumzike nyumbani kwenu Kibondo kwa afya njema, simu imezimwa, na jina lako safi pande zote.

Nathaniel Stanislaus
Katibu wa Hospitali, 1991–2016