Salamu Iliyochelewa Kuitikiwa

Mwidiwe, ndugu zangu. Hiyo ni salamu ya kwetu Waha; nimesimama, nangoja mniitikie kwanza.

Haya, asanteni. Leo mmeitikia. Wengi wetu tunaonana sura kwa mara ya kwanza, ila majina yenu na picha zenu za harusi nazijua kutoka kwenye kundi letu la walimu mtandaoni. Nimeombwa nieleze namna mwanachuo wa ualimu anavyoweza kujipatia wa kumlea kikazi kupitia simu. Mimi kuhutubia sijui. Nitawaeleza yaliyonipata, na sitamtaja mtu jina, kwa hiyo msihangaike kuangaliana.

Mimi ni mtoto wa Busunzu, kule Kibondo. Kwenye ukoo wetu hakuna aliyewahi kushika chaki, na mama yangu alikuwa akiniita "mwalimu" tangu sijajua hata kufunga kamba za viatu. Mwaka wa mwisho wa chuo nikapangiwa mazoezi ya kufundisha kwenye shule moja upande wa Heru Juu, darasa la kwanza. Watoto wamejaa mpaka sakafuni, nyumbani wanaongea Kiha tu, na mimi natakiwa niwafundishe kusoma Kiswahili.

Nikaimba nao: ba, be, bi, bo, bu. Waliitika kwa nguvu, nami nikajiona nimefika. Siku mkufunzi alipokuja kunikagua, alichukua fimbo yangu akagusa "bu" ubaoni. Darasa likasema ba. Akagusa "bi", likasema be. Akaufunika ubao kwa koti lake, na wao wakaendelea kuimba tu. Alinitoa nje akaniambia kwa upole, na ule upole ndio ulioniumiza: "Binti, hawa hawasomi, wanakariri. Nitarudi mara moja tu. Nikikuta hivi tena, hutamaliza na wenzako."

Mwalimu wa darasa aliyepaswa kuniongoza alikuwa likizo ya uzazi. Mwanachuo mwenzangu alishaacha, akaenda kuuza nguo Kasulu mjini. Sikuwa na mtu wa kumuuliza. Ndipo nikaomba niingizwe kwenye kundi letu hili.

Sasa, wengi wenu mmeletwa huku na kazi, labda hamjui. Kwetu Waha huendi kwa mtu ukamwaga shida. Unainama kidogo, unapiga makofi polepole, unamsalimia mwenyewe, watoto wake, mifugo, mashamba. Akiitikia, ndipo unasema kilichokuleta. Asipoitikia, ujue hakutaki, shika njia yako. Kwa hiyo niliandika: "Shikamooni wakubwa zangu. Familia hazijambo? Mashamba je?" Nikakaa nangoja.

Mnacheka. Mimi sikucheka. Salamu yangu ilimezwa na matangazo ya kazi na mtu anayeuza vitenge. Kesho yake nikasalimia tena, na keshokutwa. Mmoja wenu akaandika, "Jamani, salamu zinajaza simu, tusome kanuni za kundi." Nilijisikia kama mtu aliyefukuzwa msibani. Swali langu kuhusu wale watoto sikuliandika kamwe, maana nani angenijibu, ikiwa hata salamu wameikataa?

Na msiba wenyewe ukaja. Mama alikuwa anaumwa, akawakataza watu wasiniambie, eti nisije nikaacha darasa. Nilifika Busunzu ameshafunikwa udongo. Kina mama waliokuwa wanalia waliponiona njiani wakasema, "Mwalimu wake amekuja." Nawaambia ukweli, lile neno lilinichoma kuliko kaburi, kwa sababu nilijua mimi si mwalimu na sitakuwa.

Nilirudi Heru Juu kuchukua vitu vyangu tu. Nilikuwa nimeshakunja godoro, nalifunga kamba, simu ikalia. Namba siijui. Ujumbe umeletwa kwangu peke yangu, si kwenye kundi: "Marahaba, mwanangu. Familia haijambo, na mashamba mwaka huu yamekubali. Nisamehe nimechelewa kuitikia, nilikuwa naumwa. Na huko kwenu hamjambo?"

Alijibu kila kitu nilichouliza, hata mashamba. Nikakaa juu ya lile godoro nikalia mpaka kichwa kikauma. Kisha nikamjibu: "Huku si kuzuri. Mama amefariki."

Alikuwa mwalimu wa kike aliyefundisha Buhigwe, mzaliwa wa mkoa wa mbali, Kiha chake cha kuokoteza. Sikuwahi kumwona. Kwanza aliniomba nimsimulie mama alikuwa mtu wa namna gani. Alisikiliza hayo tu, siku hiyo na iliyofuata. Baadaye ndipo akaanza kunitumia sauti, akasema, "Haya, sasa niletee hilo darasa."

Nilipomweleza, akasema yeye madarasa ya chini hayamudu sana, ila anamjua anayeyaweza: mwalimu mmoja Mkongo, kambini Nyarugusu. Akanionya, "Usiende mikono mitupu. Msalimie, muulize anafundisha nini, mpe kitu, ndipo uombe." Nikamrekodia yule Mkongo nyimbo zetu za Kiha za kuhesabu. Alifurahi, akanitumia sauti yake: "Mwalimu, usishikilie sana tablo. Batoto beko na mikono, baachie bashike." Tablo ndiyo ubao kwao. Naye akanipeleka kwa mwingine, na huyo kwa mwingine. Hivyo ndivyo nilivyopata watu, mmoja akinishika mkono kumfikia wa pili. Kwenye kundi kubwa nilikuwa bado kimya.

Nikakata maboksi ya sabuni, kila mtoto akashika kipande chenye silabi moja. Wakawa wanatembea darasani. Wakikutana wawili, wanapiga makofi kama watu wazima wanavyosalimiana kwetu, wanaweka vipande pamoja, wanasoma. Isiposomeka, wanaagana, kila mmoja anatafuta mwingine. Hakuna tena wimbo wa kujificha ndani yake.

Mkufunzi akarudi. Alisimama nyuma ya darasa. Watoto wawili wakakutana mbele yangu, kila mmoja na "ma" yake. Wakapiga makofi, wakaunganisha, wakaniangalia, wakasoma kwa sauti. Mnajua walichosoma. Niligeuka nikajifanya nafuta ubao, na ubao ulikuwa mtupu hauna kitu.

Mkufunzi alifunga faili lake akasema, "Hawa wanasoma." Basi. Nilimaliza na wenzangu. Wa kwanza ambaye ningempigia alikuwa Busunzu, chini ya udongo. Nikampigia yule wa Buhigwe.

Ningetamani niishie hapo. Asubuhi moja nilimtumia salamu, haikuitikiwa. Nikasema anaumwa, ataitikia, si kawaida yake? Mchana tangazo la kifo chake likaletwa kwenye kundi. Siku ile kundi zima liliandika, pole kwa mamia, na hakuna aliyelalamika kwamba simu zinajaa.

Nilikwenda Buhigwe kumzika. Binti yake aliniambia kwamba zile sauti mama yake alizirekodi kitandani. Anawanyamazisha watu, anajifunga mtandio vizuri kama anayekwenda darasani, ndipo anaongea. Sisi hatukujua. Pale makaburini kulikuwa na walimu vijana nisiowafahamu, kila mmoja akidhani ni yeye peke yake aliyeitikiwa.

Nawashukuru waliokuwa pale. Namshukuru mkufunzi aliyeniambia ukweli. Namshukuru yule Mkongo, ambaye leo hayupo hapa, maana kutoka kambini si jambo la kuamka na kuondoka. Na yule mama wa Buhigwe, Mungu amlaze pema. Msinishangae, bado namlilia.

Mlitaka funzo. Watu wanapenda kuniuliza, nijiunge na makundi gani, nimfuate nani mtandaoni. Mimi nawaambia, makundi yapo tele. Kilichoniokoa ni mtu mmoja mgonjwa aliyerudi nyuma kwenye jumbe za zamani akautafuta ule wa mtu asiyemjua, akauitikia wote.

Leo alfajiri mgeni ameingia kwenye kundi letu. Ni mwanachuo, yuko mazoezini, hajasema wapi. Ameandika neno moja tu: "Shikamooni." Nimeangalia tena nilipokuwa naingia hapa. Tumeshaandika mengi tangu hapo: nani analeta viti, chakula saa ngapi. Yeye bado anangoja.

Simu mnazo mikononi. Mimi nakaa.